Paulo Alikaa Miaka Miwili kwa Sababu ya Feza Ambazo Hakutoa

Neno la leo: Matendo ya Mitume 24:22-27. Mkifika nyumbani someni pia Walawi 19:15.

 Najua wengine mnaipokea karatasi hii siku ya soko na kufungia chumvi ndani yake. Si vibaya, lakini isomeni kwanza.

Jioni ya tarehe 2 Septemba 2025 nilikuwa nimesimama kwa mnunuzi wa kakao, hapa hapa Mangina, nikingojea mfuko wangu upandishwe kwenye mizani. Radio ilikuwa wazi. Ikatoka habari ya kwamba Korti ya Kasasyo, kule Kinshasa, imemhukumu Constant Mutamba miaka mitatu ya kazi ya lazima. Mtu huyu alikuwa waziri wa sheria. Korti ilisema aligeuza njia ya dola milioni 19 zilizopaswa kujenga gereza jipya Kisangani. Tena feza hizo zilitoka katika malipo ambayo Uganda iliamuriwa kulipa kwa ajili ya watu waliopata hasara ya vita. Waziri wa sheria, feza za wahanga, jengo la gereza! Yeye mwenyewe alikana mashtaka tangu mwanzo. Prokirere alikuwa ameomba miaka kumi.

Mnajua watu pale kwenye mizani walifanya nini? Walicheka. Mzee mmoja akasema, “Mitatu? Hata mmoja hatamaliza.” Kijana wa moto akajibu, “Ngojeni, atatoka na atapewa kiti kizuri kuliko kile cha kwanza.” Na mimi mchungaji wenu nikacheka pamoja nao. Kicheko kile kilinifuata mpaka kitandani. Niliamka usiku nikimwuliza Mungu: je, ni nini hiki tunachokicheka?

Nikisema maneno haya wengine watasema mchungaji ameingia politike. Nivumilieni kidogo. Watu wa Mangina wana sababu ya kucheka vile, na ni lazima tuitazame kabla ya kufungua Neno.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola, na jina la Mangina likazunguka dunia nzima siku moja. Ugonjwa ulianzia kwetu. Mpaka ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa, na baadhi yao mnajua makaburi yao ni wapi, kwa maana mlizuiwa kuwagusa. Tuliona magari ya kukodi yakipita, tuliona mahema, tuliona feza zikiandikwa kwenye mabango. Kisha tukasikia kwamba Dokta Oly Ilunga, aliyekuwa waziri wa afya wakati ule, amehukumiwa tarehe 23 Machi 2020 miaka mitano ya kazi ya lazima kwa kutumia vibaya zaidi ya dola 400,000 za kupigana na Ebola. Naye alikana. Mimi sikuona faili yake. Lakini nawauliza: kuna mtu mmoja wa Mangina aliyeitwa kusema kitu katika kesi ile? Kuna mjane mmoja aliyeambiwa sehemu gani ya feza ilirudi, na ilirudi wapi?

Halafu ikaja ile kesi ya siku mia moja. Hiyo wote tuliifuata, kwa maana ilionyeshwa kwenye televisheni ya taifa. Vital Kamerhe, direkta wa kabine ya Rais, mtoto wa Kivu kama sisi, alikamatwa tarehe 8 Aprili 2020. Feza zilizotajwa zilikuwa karibu dola milioni 50, za nyumba za kuunganishwa ambazo zilipaswa kusimamishwa kwa haraka. Kesi ikiwa katikati, jaji aliyeiongoza, Raphaël Yanyi, akafa usiku. Kwanza walisema ni moyo. Baadaye waziri wa sheria wa wakati ule akatangaza kwamba uchunguzi wa mwili umeonyesha alipigwa kichwani. Jaji mwingine akaendelea, na tarehe 20 Juni ikatoka hukumu: miaka 20. Mwaka uliofuata korti ya apeli ikapunguza mpaka 13. Desemba 2021 akatolewa kwa muda, akiwa tayari amelazwa hospitalini kwa ugonjwa. Aprili 2022 Korti ya Kasasyo ikaivunja hukumu ya apeli, na tarehe 23 Juni 2022 akaachiliwa kabisa: hana kosa. Machi 2023 akawa naibu waziri mkuu, Mei 2024 akachaguliwa rais wa Bunge la Taifa, kiti alichokiacha Septemba 2025.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa watu wengi wanasema neno ambalo hawawezi kulishuhudia mbele ya Mungu. Mimi sisemi kwamba mtu huyu aliiba. Korti ilisema hakuiba, na mimi sina korti nyingine mfukoni. Lakini fikirini nami. Kama hukumu ya mwisho ni ya kweli, basi mtu asiye na kosa alifungwa miezi 20 na kuvikwa miaka 20 mgongoni mbele ya taifa lote. Kama hukumu ya kwanza ilikuwa ya kweli, basi mwenye kosa ametembea huru. Kwa vyovyote, siku moja kati ya zile mbili tribinali ilikosea sana, na hakuna aliyekuja kutueleza ilikosea wapi. Na zile nyumba? Feza ziliandikwa, zilitoka, kisha hadithi ikanyamaza. Mwananchi hajui sheria za apeli. Yeye anaona tu kwamba mlango ulifungwa kwa sauti kubwa na ukafunguliwa polepole.

Tena si kwetu tu. Juma moja baada ya hukumu ya Mutamba, tarehe 9 Septemba, korti kuu ya Thailand, mbali kule Asia, ilitoa uamuzi juu ya Thaksin Shinawatra, tajiri aliyekuwa waziri mkuu. Alirudi nchini mwake Agosti 2023 akiwa na hukumu ya miaka minane. Usiku wa kwanza kabisa gerezani akahamishwa hospitalini, mfalme akampunguzia mpaka mwaka mmoja, na baada ya miezi kama sita akaenda nyumbani. Watu wa kule walisema yale yale ya mizani yetu: hajalala hata usiku mmoja ndani ya seli. Miaka miwili baadaye majaji wakasema kukaa hospitalini hakukuhesabika kuwa kifungo, arudi gerezani mwaka mzima. Nimeleta habari hiyo kwa sababu ndugu mmoja aliniambia kwamba ugonjwa wa wakubwa wakati wa kifungo ni desturi ya Kongo. Hapana. Ni desturi ya watu.

Basi mnasema, mchungaji, haya yote yanatuhusu nini? Tunalima kakao, tunakimbia risasi, Kinshasa ni mbali.

Ninawaambia yanavyotuhusu. Miezi miwili iliyopita, karibu na mto, walimkamata kijana na mfuko wa kakao mbichi usio wake. Miaka yake haipiti 19. Kabla sijafika walikuwa wamekwisha kumvua shati na tairi lilikuwa limeletwa. Nilimwuliza aliyelishika, ambaye namjua, ambaye watoto wake wanakuja katika shule ya Jumapili: “Kwa nini hamumpeleki kwa polisi?” Akanijibu bila kufikiri: “Tukimpeleka atatoka kesho. Mwenye feza anatoka kwa feza, asiye na feza anatoka kwa bunduki.” Alikuwa anakumbuka Kangbayi, tarehe 20 Oktoba 2020, gereza la Beni lilipovunjwa na wafungwa zaidi ya 1,300 wakatoka. Alikuwa anakumbuka Kakwangura, pale Butembo, Agosti 2022, walipotoka zaidi ya 800. Na alikuwa anakumbuka wakubwa wa Kinshasa, kwa maana alimtaja mmoja kwa jina, huku ameshika tairi.

Mnaona? Kile kicheko cha kwenye mizani kilikuwa kimefika mtoni. Mtu akisadiki kwamba haki haipo tena, hakai bila haki. Anajitengenezea nyingine, na hiyo haina jaji, haina avoka, haina apeli. Ina petroli. Na haimfikii waziri hata siku moja. Inamfikia mtoto wa jirani.

Aliyemwokoa kijana yule si mimi. Ni mama mmoja wa kikundi cha maombi, mjane, tena mwenye shamba lililoibiwa. Alikuja akaketi chini kando yake, kwenye matope, na kitambaa chake cha kichwa akamfunika nacho mgongo. Hakuhubiri. Alisema tu, “Kakao ni yangu. Mimi ndiye mwenye kesi.” Watu wakaanza kutawanyika mmoja mmoja. Haleluya.

Tufungue sasa Matendo 24. Paulo yuko Kaisaria, mbele ya liwali Feliki. Wanahistoria wanasema Feliki alikuwa mtumwa zamani, akaachwa huru, akapandishwa cheo kwa sababu ndugu yake alikuwa na nafasi katika nyumba ya Kaisari. Kwa hiyo alijua vizuri namna mlango unavyofunguliwa na mtu wa ndani. Mashtaka yamesikilizwa. Wazee walikuja na avoka wao, msemaji hodari, naye Paulo amejitetea mwenyewe. Luka anatuambia Feliki alikuwa na ujuzi wa kutosha juu ya Njia ile. Hakukosa habari. Angeweza kuhukumu siku ile ile. Akaahirisha.

Siku zikapita, akamwita Paulo pamoja na mkewe Drusila. Paulo akasema juu ya haki, juu ya kujitawala, juu ya hukumu itakayokuja, na liwali akaogopa. Nampenda Paulo hapa! Mfungwa anahubiri, jaji anatetemeka. Lakini Feliki akamwambia aende, atamwita akipata nafasi. Na nafasi alizipata nyingi: Luka anasema alimwita mara kwa mara. Kwa nini? Kwa sababu alitumaini kupewa feza.

Nilisoma sura hii miaka mingi bila kujiuliza kwa nini Feliki alifikiri fundi wa hema ana feza. Jibu liko juu kidogo, katika mstari wa 17. Paulo, akijitetea, alisema kwamba alikuja Yerusalemu kuwaletea watu wake sadaka. Maneno mengine yote yalipita. Neno la sadaka likashika sikioni mwa liwali. Alimtazama yule mfungwa na nyuma yake akaona makanisa ya Makedonia na Akaya, yakichanga. Sheria ya Roma yenyewe ilimkataza gavana kupokea rushwa, lakini sheria ilikuwa Roma na Feliki alikuwa Kaisaria. Mnajua umbali huo.

Ikapita miaka miwili. Feliki akahamishwa, Festo akaja, na Paulo akaachwa kifungoni ili kuwapendeza wakubwa wa Wayahudi. Hakuhukumiwa, hakuachiliwa. Faili ilikaa tu. Wandugu, katika magereza yetu wengi ni wa namna hiyo: hajawahi mtu kuwaambia una kosa wala huna kosa. Na tangu utawala wa kijeshi ulipoanza katika jimbo letu, Mei 2021, kesi za makosa makubwa zikapelekwa kwa majaji wa jeshi, na mafaili yakazidi kurundikana. Tajiri anacheleweshwa ili atoke. Maskini anacheleweshwa kwa sababu hakuna anayemkumbuka.

Angalieni pia kitu ambacho hakimo katika sura hii. Hakuna mahali tunaposoma kwamba ndugu wa Kaisaria walichanga ili wampe Feliki kile alichongojea. Wangeweza. Filipo mwinjilisti alikuwa na nyumba katika mji ule, na Paulo alikuwa amelala kwake. Lakini mstari wa 23 unasema Feliki aliruhusu rafiki za Paulo wamhudumie. Walikuja miaka miwili, bila bahasha. Nitarudi hapo.

Kwanza Walawi 19:15. Sheria ya Musa inasema jaji asimpendelee mkubwa. Sema amina. Mmesema amina kwa nguvu. Lakini mstari ule ule, kabla ya kumtaja mkubwa, unasema jaji asimpendelee maskini pia kwa sababu ni maskini. Amina hiyo ni ndogo. Maana yake ni nini? Maana yake hatuna ruhusa ya kusema “mkubwa fulani ana kosa” kwa sababu tu ni mkubwa na sisi tuna uchungu. Mungu anataka kesi ipimwe kwa mizani moja. Ninyi watu wa kakao mnajua mizani. Mnunuzi anapoweka kidole chini ya sahani mnamwona hata gizani.

Na sasa naingia mahali ambapo sikutaka kuingia. Roho Mtakatifu amenisumbua juma zima.

Zamani, katika kanisa lingine, si hili, nilikuwa mzee kijana katika baraza. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, mtu wa kutoa. Mabati ya kanisa, nusu yalikuwa yake. Binti mmoja wa koro, miaka 16, akaonekana ana mimba, na binti akamtaja yule mtu. Sheria ya nchi hii ya tarehe 20 Julai 2006 iko wazi: kesi ya mtoto chini ya miaka 18 haizimwi kwa amandi. Sisi tuliizima kwa mbuzi watatu na feza za shule. Tuliita jambo hilo mapatano. Kisha tukafungua daftari la nidhamu, tukaandika jina la binti: miezi sita asiimbe, akae kiti cha nyuma, asishiriki Meza ya Bwana. Jina la yule mwingine hatukuandika. Tulisema faili yake inaendelea kuchunguzwa. Sahihi yangu iko pale, ya tatu kutoka juu.

Feliki alingojea feza. Sisi tulikuwa tumekwisha kuzipokea, tukazipigilia misumari juu ya vichwa vyetu, tukaabudu chini yake.

Mwaka huu, baada ya ile jioni ya mizani, nilimtafuta baba wa binti. Sasa ni mzee, hasali tena popote. Nilimwambia nimekuja kuomba musamaha. Alininyamazia muda mrefu akichambua maharagwe. Kisha akasema, “Mchungaji, yule tajiri sikumkasirikia sana. Tajiri ni tajiri. Nilikasirikia daftari.” Akaniuliza kama jina la mtoto wake bado liko. Nikasema liko. Akasema, “Basi mnapowalilia wakubwa wa Kinshasa kwenye radio, mimi huzima radio.”

Sikuwa na mstari wa kumjibu.

Nilimwendea mchungaji wa kanisa lile. Tulikaa naye siku mbili. Ukurasa haukung'olewa, kwa maana mzee mwenyewe alikataa ung'olewe. Alisema ukweli ukae pale ulipo. Chini yake tumeandika kosa letu, na sahihi zetu sisi wawili ambao bado tuko hai. Yule binti leo ni mama mwenye kazi yake, mbali na hapa. Tumempelekea nakala kwa mkono wa dada yake, na tumemwambia kama anataka kwenda mbele ya tribinali hata sasa, tutasema yale tuliyoyafanya. Hajajibu. Hana deni la kutujibu.

Katika kanisa hili baraza limekubali kwamba kuanzia mwezi huu kesi ya mtu anayetoa zaka kubwa haitasikilizwa na wazee wanaofanya kazi kwake au wanaomdai au wanaodaiwa naye. Na jambo lolote la mtoto chini ya miaka 18 halitakaa kwetu hata siku moja; litapelekwa kunakohusika. Kuna waliokasirika. Mmoja amehamisha zaka yake. Tumesoma barua yake na tumeiweka.

Narudi kwa yule kijana wa kakao. Alipelekwa, hakuchomwa, Bwana asifiwe. Lakini sasa ni mwezi wa pili, yuko katika gereza moja la huku kwetu, na yule mama mwenye shamba amekwisha kusema kakao yake ilirudi na yeye amesamehe. Hakuna aliyeandika maneno yake. Tuliambiwa kwa upole kwamba faili inaweza kutembea kama tungeisaidia kutembea. Hatutatoa kitu. Ndugu mmoja avoka, mshirika wa kanisa, amekubali kuandika barua bila malipo, na barua ya pili kama ya kwanza italala, na ya tatu.

Wanaotaka kwenda kumwona, tunaondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kama njia iko salama. Tutauliza kwanza usiku wa Ijumaa. Leteni maharagwe yaliyokwisha kupikwa, sabuni, na shati, kwa maana lake lilipasuliwa siku ile. Wamama msilete vitu vya watu wawili watatu tu. Ndani mle wako wengi ambao hawana wa kuwaletea. Yule mwenye tairi ameniomba nafasi katika gari. Nimempa.